Nani Alikuwa Akivunja Plasta ya Simiyu?

Ukinikuta nimekaa mbele ya nyumba yangu hapa Kitale, kikombe cha chai mkononi, nikiwakodolea macho wapita njia, usiite polisi. Ni ugonjwa wa kazi. Nilifunga watu plasta mpaka nikastaafu, na sasa siwezi kumwona mtu akipita bila kumkagua mifupa. Yule mama wa mboga kiwiko chake hakinyooki mpaka mwisho. Alianguka akiwa msichana na plasta ikakaa mkononi kupita siku zake. Jirani yangu anayeuza mbolea huegemea mguu wa kushoto, na si kwa sababu ya viatu. Mke wangu, Mama Kamau, huniambia, "Baba Kamau, angalia nyuso za watu bana. Watu wana nyuso pia." Nyuso! Uso hauniambii kitu. Nionyeshe kifundo cha mguu nikueleze maisha ya mtu.

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii, na hata nyinyi msioingia ila mna mifupa, ngoja niwaambie mambo mawili matatu. Msidai mpangilio. Kichwa changu ni kama kabati la chumba cha plasta: kila kitu kimo, lakini ukivuta bendeji, makasi yanakuangukia mguuni.

Tuanze na cheo, maana mtanicheka mkikijua kwa wengine. Mimi sikuwa daktari. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo baba yangu, mtu wa Murang'a aliyehamia Kwanza, huku karibu na Kitale, kulima mahindi, alizitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Angalau umemaliza." Wagonjwa walikuwa wakiniita daktari mpaka waone aproni yangu yenye madoa meupe na gambuti zangu, halafu ghafla nimekuwa fundi. Kuna mama aliyenisimamisha koridoni akaniuliza kama nikimaliza kupaka rangi wodi naweza kwenda kumpakia jikoni kwake. Nikamwuliza jiko ni kubwa kiasi gani. Mshahara wenyewe mnaujua.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odera, mtu mkimya mwenye mikono mipana kama koleo. Somo lake la kwanza lilikuwa kunigonga vidole. "Vidole ni vya kula ugali," akasema. "Hapa tunatumia kiganja." Sababu yake ni hii: plasta ikiwa mbichi ukiibonyeza kwa ncha ya kidole, inabaki na shimo kwa nje na kinundu kwa ndani. Ikikauka, kile kinundu kinakaa juu ya ngozi kama kokoto ndani ya kiatu, tofauti ni kwamba kiatu unaweza kukivua. Chini pale ngozi inakosa damu, inakuwa nyekundu, inakuwa nyeusi, inachimbika kidonda, na wewe juu unaona weupe mtupu wa kupendeza. Siku utakayosikia harufu, umechelewa.

Somo la pili lilikuwa maji. Asubuhi ya Kitale mnaijua ilivyo na baridi. Nikamwonea huruma polisi mmoja aliyevunjika mguu, nikachovya bendeji za plasta kwenye maji ya moto badala ya baridi. Hakuna aliyeniambia kwamba maji yakiwa moto plasta inashika haraka, tena yenyewe inatoa joto. Polisi akaanza kupiga kelele kwamba nampika. Mimi nikaharakisha, nikazungusha bendeji na mkono wa sweta yangu ndani yake, na kabla sijajua, plasta imeshika. Tukawa kitu kimoja, mimi na serikali. Mzee Odera alikuja, akatutazama, akaenda kumaliza chai yake kwanza. Kisha akachukua makasi akakata, si plasta, sweta. Yule polisi alienda nyumbani na mkono wa sweta niliyofumiwa na mama yangu.

Na mwasho jamani. Ngozi iliyofungwa huwasha, na mtu anayewashwa hana akili. Nikipasua plasta nilikuwa nakuta mambo humo: sindano za kufumia zilizovunjika, spoku za baiskeli, nusu ya kitana, kijiko. Mkulima mmoja wa kule Kwanza alipukuchua mahindi na plasta mkononi, jasho likaingia, punje ikaingia, na tulipofungua tukakuta imeanza kuota. Mzee Odera akamwambia, "Umeharakisha. Ungengoja tungevuna." Basi mwambieni mgonjwa: ukiwashwa gonga plasta kwa nje, au jipepee. Usichokore. Kidonda cha sindano ndani ya plasta kinaweza kukuharibia mkono kuliko hata ule mvunjiko.

Sasa, kisa chenyewe nilichokalia kuwaambia. Ni cha miaka ya elfu mbili, wakati nilipohamishiwa Bungoma.

Kuhamishwa Bungoma ni kitu gani? Kwa watu wengine, si kitu. Unafunga mkoba, unaenda. Mimi nililia kama mtu anayepelekwa ng'ambo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kitanda kisicho changu kinaniuma mgongo, chai isiyo ya Mama Kamau inanipa kiungulia, na Ijumaa saa kumi na moja mwenzangu wa chumba cha plasta, Sista Nekesa, alikuwa akisimama mlangoni na kutangaza, "Tokeni njiani, mume wa mtu anaenda kwao!" Nekesa alikuwa muuguzi mzaliwa wa hapo, mwenye mdomo ambao hakuna plasta ingeweza kuufunga. Alinicheka Jumatatu hadi Ijumaa, na wikendi nadhani alikuwa akipumzika.

Mwezi wa sita, mzee mmoja kutoka Bumula, Mzee Makokha, alimleta mjukuu wake, Simiyu. Kijana alikuwa amekaribia miaka kumi na mitano hivi, mrefu, mwembamba, kimya. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, ikamwangukia mkono wa kushoto. Ile mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kiganja ilikuwa imevunjika yote.

Hapo mjifunze kitu. Chukueni mkono wenu, ugeuzeni kiganja kiangalie juu, halafu chini. Mnahisi? Mfupa mmoja unazunguka juu ya mwingine. Ndiyo maana mtu akivunjika pale, unamfunga mpaka juu ya kiwiko, kiwiko kikiwa kimekunjwa, hata kama kiwiko hakina kosa. Ukikiacha huru, kila akigeuza kiganja, mifupa inasogea. Wagonjwa hubisha sana. "Fundi, nimeumia hapa, mbona unafunga huku?" Wajibuni kwa upole, halafu mfunge huku.

Daktari wetu alikuwa Chebet, msichana mdogo wa umri kutoka upande wa Mlima Elgon, mwembamba lakini akivuta mkono mfupa unatii. Akanyoosha, mimi nikafunga. Plasta safi, laini kama yai. Niliipenda plasta ile, kusema kweli.

Wiki moja baadaye ikarudi imepasuka.

Ilikuwa imepasuka pale kwenye kifundo cha mkono, kama ganda la yai lililogongwa kijiko. "Ulianguka tena?" nikamwuliza Simiyu. Akatikisa kichwa. Babu yake akakohoa, akaangalia dirishani. Nekesa akaja akaichungulia. "Fundi, hii ni plasta ama ni chapati?"

Nikafunga upya. Ikarudi. Mahali ni pale pale.

Hapo nikaanza kukosa usingizi. Nilishuku bendeji, labda zimeingia unyevu stoo. Nikashuku maji ya Bungoma. Nikashuku mikono yangu, na hilo ndilo liliniuma. Ijumaa ile nikabeba bendeji mbili za stoo ile ile, nikafika nyumbani Kitale, nikajifunga mkono wangu mwenyewe wa kushoto, mzima kabisa, ili nione kama itapasuka.

Mama Kamau aliniangalia akanyamaza, na mnajua mwanamke akinyamaza. Wikendi nzima alinifunga vifungo vya shati. Majirani wakaja kunipa pole. Mmoja akaleta uji. Nitamwambia nini, kwamba niko majaribuni? Nikanywa. Nilipasua kuni na ule mkono, nikagonga meza, nikaegemea ukuta. Haikupasuka. Jumapili jioni nikaanza kuikata kwa makasi ya kukatia nyasi, Mama Kamau akanishikia, akasema, "Hao watu wa Bungoma wamekuroga, ama ulikuwa hivi na sikuona?"

Mara ya tatu nilimzungushia Simiyu plasta nene kama bampa ya lori. Nekesa akasema mtoto atatembea akiegemea upande mmoja. Haidhuru. Na ikarudi imepasuka, pale pale.

Lakini safari hii, kwa sababu ilikuwa nene, haikupasuka yote, na alama zikabaki. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kulikuwa na pete ya rangi ya kahawia imezunguka plasta nzima, kama mtu ameivisha bangili. Nikapitisha kidole. Kutu.

"Simiyu," nikasema, "hii kutu imetoka wapi?"

Akaangalia miguu yake. Nekesa, ambaye ni mtoto wa pale, aliiangalia ile pete mara moja tu, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutetemeka.

"Mzee," akamwambia babu, "si umwambie mgeni? Anaumia bure. Amejifunga hadi mkono wake."

Mzee Makokha akakohoa tena, akafungua gunia alilokuja nalo kila mara, ambalo mimi nilidhani ni la nguo. Akatoa bangili ya chuma na njuga mbili za chuma.

Wasomaji wa upande huo mmeshacheka. Wengine niwaeleze. Kule, kijana hutahiriwa mwezi wa Agosti, na si kila mwaka; mwaka mmoja wanaingia, unaofuata unarukwa. Kabla ya siku yenyewe, kijana anazunguka kwa jamaa zake wote kuwaita, akikimbia na kucheza, akizipiga njuga kwenye bangili alizovaa vifundoni mwa mikono. Anapiga kwa nguvu hasa, wamsikie ng'ambo ya mto. Mwaka ule ulikuwa wa kuingia. Simiyu alikuwa amevaa bangili juu ya plasta yangu na kufanya mazoezi kila jioni nyuma ya nyumba.

"Ilikuwa inatoa sauti mbaya," kijana akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu mwezi wa sita. "Tub, tub. Kama kupiga mto wa kulalia."

"Mimi nilikuwa nakosa usingizi," nikamwambia, "na wewe unalalamika kuhusu sauti?"

Nekesa alikuwa amekaa chini. Nilitaka kucheka pia, lakini Daktari Chebet akaingia na picha mpya ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga, na hakuna aliyecheka tena. Mifupa ilikuwa imeanza kupinda. Kidogo, lakini imeanza.

"Ukiendelea kuugonga huu mkono," akasema, "utaunga ukiwa hivi. Hutaweza tena kugeuza kiganja juu. Kunawa uso utanawa kwa mkono mmoja mpaka uzeeke. Njuga basi. Na plasta inakaa mpaka mfupa ushike, hata Agosti ikipita."

Mzee Makokha akageukia kwangu. "Fundi, mwambie daktari, haya si mambo ya kuzungumza na mwanamke. Ni mambo ya wanaume."

"Basi mzee, geuka uangalie ukuta," Chebet akasema, bila hasira, "useme na ukuta. Mimi nitakuwa nasikia kwa bahati mbaya."

Na mzee akageuka! Wallahi. Akaweka mikono nyuma, akauambia ukuta wa chumba cha plasta kwamba mtoto huyu amengoja, kwamba pombe ya busaa imeshaandaliwa, kwamba akikosa sasa atangoja miaka miwili. Ukuta ukamjibu kwa sauti ya Chebet kwamba miaka miwili inapita lakini mkono uliopinda haupiti. Wakaendelea hivyo. Mimi nilikuwa naangalia kijana.

"Daktari," Simiyu akasema, "Wafula anaingia."

"Wafula ni nani?"

"Ni mtoto wa baba mdogo. Ni mdogo kwangu. Ataingia mwaka huu, atakuwa mwanaume, na mimi nitabaki omusinde, asiyetahiriwa. Kijana tu. Yeye atakaa na wanaume, mimi nitatumwa maji. Nitamwita Wafula nani?"

Kwao Chebet kuna mambo hayo pia. Alijua uzito wake. Akaiangalia picha tena. Mwishowe akasema hivi: tunaunyoosha leo upya, itauma. Bangili haitagusa mkono huo tena. Wiki ya tohara tunapiga picha nyingine. Mfupa ukiwa umeshika, ataenda. Usiposhika, hataenda, na asinililie mtu yeyote, hata ukuta.

"Njuga zinahitaji mikono miwili," mzee akauambia ukuta.

Kisha yeye mwenyewe akageuka, akachukua ile bangili, akaisukuma kwenye mkono wake wa kushoto, ule mkono mkavu wa mzee, mpaka ikapita vifundo vya vidole ikakaa. "Atapiga kwangu," akasema. "Nitakimbia naye."

"Kuka, hutaweza," kijana akamwambia babu yake.

"Nani amekwambia? Nimekimbia kabla baba yako hajazaliwa."

Nilimwangalia magoti. Mimi huangalia magoti. Nikajua tutaonana tena.

Tulionana mapema kuliko nilivyodhani. Mzee alikuja peke yake na gunia lake, mkono ameuficha ndani ya koti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Nekesa yuko. Nikamwambia hayuko. Nekesa akatokea nyuma ya pazia. "Karibu, Kuka!"

Kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi, ngozi juu yake imebadilika rangi ya zambarau. Nikabonyeza mfupa mmoja mmoja taratibu, nikampeleka apigwe picha. Hakuna mvunjiko, shukrani kwa Mungu. Na hapa ndipo ninapowaambia nyinyi vijana: mfupa wa mtoto ni kama bua la mahindi mabichi. Ukiukunja unapinda, unachanika upande mmoja, na ukiachwa vizuri unajirudi. Mfupa wa mzee ni bua la mwezi wa kumi na mbili. Unasimama vizuri tu, lakini usiujaribu. Na ngozi ya mzee ni karatasi ya kufungia sukari. Inachanika ukiitazama vibaya. Mgonjwa wa umri ule ukimbandika plasta ya gundi, ukibandua unaondoka na ngozi. Mfunge kwa kitambaa.

"Mzee, acha," nikamwambia. "Mpe mtu mwingine kazi hii. Hakuna kijana aliyetahiriwa huko kwenu?"

"Wapo."

"Basi?"

"Mimi ndiye niliyemtuma zile ndizi," akasema.

Sikubishana tena. Nikakata kipande cha sufi nene ile tunayoweka chini ya plasta, nikamtengenezea kama mkufu wa mkono, laini ndani, bangili inakaa juu. Nikamwonyesha akiinua mkono aukunje kiwiko kidogo, asiunyooshe kama fimbo, ili pigo liishie kwenye msuli lisifike begani. Nekesa akamletea njuga kutoka guniani, tukajaribu hapo hapo. Wagonjwa wa foleni nje walianza kupiga makofi.

Wanasema alikimbia. Sikumwona, mimi wikendi nilikuwa kwetu. Lakini Nekesa alimwona akipita kwao, kijana mbele, njuga mkono wa kulia, na mzee pembeni akihema kama mvukuto, mkono umenyanyuliwa, watu wanacheka, wamama wanampa maji. Wafula naye alikuwa nyuma yao, na alipiga zake polepole ili mzee asiachwe. Hilo nililipenda.

Wiki ya tohara, picha. Chebet aliiinua na sisi wote tukasongamana nyuma yake kama kuku. Pale palipovunjika, mfupa ulikuwa umevaa kitu cheupe, kama wingu, kimevimba pande zote kama fundo la muwa. Huo ndio mfupa mpya, vijana. Ukiuona usifikiri kuna kasoro. Mwili huongeza kwanza, halafu baadaye hupunguza ukalainisha.

"Umeshika," Chebet akasema. "Lakini bado ni mchanga. Anaweza kwenda. Plasta itolewe tu wakati wa matope, na irudi mara moja baada ya kisu. Fundi ataenda naye."

Nikageuka nyuma kuona ni fundi gani.

Matope ndiyo yalikuwa tatizo. Asubuhi ya siku yenyewe, kijana huenda mtoni, anapakwa matope mwili mzima, anarudi nayo nyumbani, anasimama. Plasta na matope haviwezi kukaa pamoja. Inalainika, inakuwa uji. Kwa hivyo nilipasua plasta pande zote mbili kwa msumeno ikawa vipande viwili kama ganda la karanga. Unafungua, unatoa mkono. Unafunika, unazungusha bendeji, imerudi. Msumeno ule una kelele nyingi lakini hauzunguki, unatetemeka tu, haukati ngozi ukiushika vizuri. Mwonyesheni mgonjwa kwenye kiganja chenu kwanza.

Siku ile iliangukia Jumamosi. Jumamosi yangu! Nilimpigia Mama Kamau nikitumaini atakataa. "Nenda," akasema. "Angalau mara moja uwe na kitu cha kuniambia ambacho si kifundo cha mtu."

Bodaboda wa baiskeli akanifikisha Bumula kumepambazuka. Mtoni wanaume walikuwa wamejaa. Mjomba mmoja wa kijana alinitazama, na ile aproni nilivaa kwa mazoea. "Huyu ni nani?"

"Ni fundi wa mkono," Mzee Makokha akasema. "Mtu wa Kitale. Wao asili yao ni Murang'a."

"Ahaa. Nyinyi si mnakatwa hospitali mkidungwa ganzi?"

"Ndiyo," nikasema. "Na chai tunapewa."

Wakacheka, wakanipisha. Nikafungua ganda. Simiyu aliangalia mkono wake akashtuka. Haujaona jua tangu mwezi wa sita: mwembamba, nywele ndefu, ngozi inabambuka magamba kama samaki, harufu yake msiniulize. "Huu ni wa nani?" akaninong'oneza.

"Ni wako. Utanenepa. Usikwangue hayo magamba, ni ngozi iliyokufa, itatoka kwa maji na mafuta."

Kisha nikamwambia yule mjomba mwenye matope, "Mkono huu paka, usipige." Akaniangalia kama anayefundishwa kula, lakini akapaka. Matope ya baridi, mazito, kutoka kichwani hadi vidoleni. Alipomaliza, nilijaribu kutambua ni mkono upi uliovunjika, mimi niliyeujua kuliko mama yake, na sikuweza.

Nikatembea nyuma ya msafara nimekumbatia vipande viwili vya plasta kama mtoto mchanga. Jambo moja sikuwa nimemwambia mtu: kiungo kilichokaa kimefungwa huganda. Kiwiko cha Simiyu kilikuwa hakinyooki. Na nilikuwa nimesikia kwamba kijana akisimama, asitikisike, asipepese. Sasa akitikisa mkono kwa sababu ya kiungo na si kwa sababu ya woga, nani atajua tofauti? Wataambiana aliogopa. Na akiunyoosha mkono kwa nguvu ili huo ugumu usionekane, fundo lile changa litaachia.

Uani akasimama. Watu wote waliangalia kisu. Mimi niliangalia kiwiko. Kilikuwa kimekunjika kidogo, kikitulia. Wafula alishasimama kabla yake na mambo yakaenda vizuri, sasa alikuwa amekaa chini ya shuka akimwangalia nduguye. Mzee Makokha alikuwa mbele kabisa, mkono wake wa kushoto ndani ya sufi yangu iliyochafuka. Kijana alitazama juu ya vichwa vyetu, mbali. Kiwiko hakikusogea. Mkataji akapuliza filimbi kuonyesha amemaliza, wamama wakapiga vigelegele, na ndipo nikagundua kwamba siku nzima ile sehemu niliyokosa kuiona ni ile iliyowaleta watu wote.

Wakamkalisha kwenye kiti kidogo, wakamtupia shuka, wakaniita. Nikapiga magoti, nikapangusa matope mkononi, nikaweka pamba, nikafunika ganda, nikaanza kuzungusha bendeji.

"Woi!" Simiyu akapiga kelele. "Fundi! Polepole bana!"

Wanaume wote uani wakageuka. Mzee Makokha akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Kisu kimeshindwa," akasema, "halafu wewe na kitambaa unamliza mwanaume?"

"Sijalia, Kuka," Simiyu akasema upesi, na Wafula kule chini ya shuka alikuwa ameshaanza kucheka. "Ni mikono yake. Ni baridi."

Nikaipuliza, nikaisugua, nikaendelea kumfunga.